Sitiari Iliyozaliwa Mfu: Alama ya Disketi na Neno "Hifadhi"

Katika maduka ya saiba ya Kitale na Bungoma, kijana anayechapa barua ya kuomba kazi hubonyeza mraba mdogo ili maandishi yake yasipotee. Mraba huo ni picha ya disketi ya inchi 3.5, chombo ambacho kampuni ya Sony ilikibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuacha kukiuza nchini Japani mwaka 2011.

Ni rahisi kuihukumu alama hiyo kuwa imepitwa na wakati. Hukumu hiyo haitoshi, kwani lugha yenyewe imejaa mabaki ya aina hii. Neno "simu", lenye asili ya Kiajemi, awali lilirejelea waya. Leo simu ya mkononi haina waya, na hakuna msemaji anayetatizika. Kwa mtazamo wa Peirce, ishara iliyofanana na kirejelewa chake imegeuka kuwa ishara ya makubaliano tu.

Hata hivyo, ipo tofauti ya kimsingi. Sitiari mfu ya kawaida iliwahi kuishi miongoni mwa wasemaji wake, ikachakaa vinywani mwao. Vijana wengi wa Kitale na Bungoma walikutana na kompyuta disketi ikiwa imekwisha kutoweka. Kwao sitiari hii ilizaliwa mfu, na mzigo wa kuikariri pasi na maana umemwangukia mwanagenzi, si msanifu wake.

Je, pachorwe kihenge badala yake? Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi, na picha hiyo ingeeleweka upesi. Lakini pendekezo hilo linarudia kosa lile lile. Mahindi mengi sasa hutiwa magunia na kupelekwa katika maghala makubwa; mjukuu naye atauliza kihenge ni kitu gani. Picha hufungamana na chombo, na chombo hufa.

Neno hustahimili zaidi. "Hifadhi" linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutunza na pia ya kukariri moyoni. Halitaji sanduku, kihenge wala disketi. Kasoro, basi, haimo katika ukongwe wa picha, bali katika kuiacha picha isimame peke yake. Neno la Kiswahili likiandikwa kando yake, disketi yaweza kubaki ilivyo: pambo lisilomzuia yeyote kusoma.