Vikoa Vilivyoisha Muda: Jinsi Sifa ya Tovuti Iliyokufa Inavyouzwa

Jina la kikoa halinunuliwi likawa mali ya mtu milele. Anayelisajili hulipia mwaka mmoja au zaidi, kwa majina ya .com hadi miaka 10 kwa mkupuo, na asipolipia tena haki yake hukoma. Tovuti iliyokuwa chini ya jina hilo hutoweka. Viungo ambavyo magazeti, vyuo vikuu, mashirika na blogu za watu viliuelekezea ukurasa huu au ule wa tovuti hiyo havitoweki, kwa sababu vimekaa katika kurasa za watu wengine na hakuna mwenye kazi ya kuvifuta. Biashara ya kununua vikoa vilivyoisha muda imejengwa juu ya mabaki hayo. Mnunuzi hutoa pesa si kwa uzuri wa jina, bali kwa sababu injini za kutafuta bado zinalihesabu kuwa la kuaminika.

Thamani inakotoka

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha maelezo ya mtambo wao wa kutafuta, Google, pamoja na kanuni waliyoiita PageRank. Injini nyingi za wakati huo zilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, hivyo aliyerudia neno mara nyingi alikuwa na nafasi nzuri ya kuibuka juu. PageRank ilitazama nje ya ukurasa: nani ameuelekezea kiungo, na huyo naye anaelekezewa na nani. Alama za ukurasa hugawanywa sawasawa kwa viungo vinavyotoka humo. Ukurasa wenye viungo 10 hukipa kila kimoja sehemu ya kumi ya alama zake, baada ya kuzipunguza kwa kizidisho ambacho wabunifu hao kwa kawaida walikiweka kuwa 0.85. Kwa hesabu hiyo, kiungo kimoja kutoka ukurasa unaoheshimika kinaweza kuzidi mamia kutoka kurasa zisizojulikana.

Google ya leo hutumia vigezo vingine vingi, lakini viungo bado vimo. Mwanya uko hapa: kiungo huelekea kwenye anwani, si kwa mtu. Mhariri aliyeweka kiungo mwaka 2012 alimwamini mwandishi fulani na makala fulani. Jina likibadilisha mwenyewe mwaka 2022, kiungo kinabaki kilivyo, na imani iliyotolewa kwa mwandishi wa kwanza inampata mtu asiyemjua.

Bidhaa ya biashara hii haikauki. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa Mei 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye, na kwamba asilimia 54 ya kurasa za Wikipedia zilizochunguzwa zilikuwa na angalau kiungo kimoja cha marejeo kinachoelekea kwenye ukurasa ambao haupo. Si kila kiungo kilichokufa kina kikoa kilichoachwa nyuma yake, ila vikoa vilivyoachwa ni vingi: kampuni zilizofilisika, miradi iliyomaliza ufadhili, kampeni za uchaguzi zilizopita.

Safari ya jina kutoka kuisha hadi kuachiwa

Rejista ya majina ya .com, yaani orodha yake kuu, husimamiwa na kampuni ya Verisign, chini ya kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani. Mwenye jina hashughuliki na Verisign. Hupitia kwa msajili aliyeidhinishwa. Kanuni zinamtaka msajili atume taarifa mbili kabla ya muda kuisha, moja ikiwa imebaki takriban mwezi na nyingine wiki moja, kisha nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha.

Chukua jina ambalo muda wake unaisha tarehe 1 Machi. Kwanza kuna muda wa nyongeza ambao msajili anaweza kuuendesha hadi siku 45, yaani hadi 15 Aprili. Mwenye jina bado anaweza kulipia, mara nyingi kwa ada ya kawaida. Msajili akilifuta siku hiyo ya mwisho, jina huingia katika muda wa ukombozi wa siku 30, hadi 15 Mei. Bado linaweza kurudishwa kwa mwenyewe, lakini kwa ada ya ziada inayoweza kuwa mara kadhaa ya ile ya mwaka. Zinafuata siku 5 za kusubiri kufutwa, ambapo hata mwenyewe wa zamani hawezi kufanya lolote. Karibu na 20 Mei jina huachiwa, na yeyote anaweza kulisajili. Majina ya nchi, kama .ke na .tz, yana wasimamizi wake na ratiba zake, hivyo hesabu hii haifai kunakiliwa huko bila kusoma kanuni za rejista husika.

Majina yenye viungo vizuri mara nyingi hayafiki siku ya mwisho. Mikataba ya wasajili wengi wakubwa, GoDaddy ikiwa mmoja wao, inawaruhusu kulipiga mnada jina ambalo halijalipiwa wakati bado liko katika muda wa nyongeza. Mshindi huhamishiwa jina bila kufutwa katika rejista, kwa hiyo tarehe yake ya kwanza ya kusajiliwa hubaki. Wanunuzi wengi hupenda njia hii, kwa kuwa huamini kwamba jina lisilokatika historia lina nafasi kubwa ya kulinda hadhi yake kuliko lililofutwa na kusajiliwa upya.

Jina likipita mnada huo, kazi huwa ya wadakaji. Verisign hufuta majina ya .com na .net kila siku mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani, wakati ambao Afrika Mashariki ni usiku. Jina zuri huchukuliwa ndani ya sehemu ya sekunde, na hakuna binadamu anayeweza kushindana kwa kubonyeza kitufe. Rejista huweka kikomo cha maombi ambayo kila msajili aliyeidhinishwa anaweza kutuma. Kampuni za kudaka majina, kama DropCatch na SnapNames, zilipata jibu rahisi: kumiliki au kukodi idhini nyingi. DropCatch ilijikusanyia mamia ya kampuni za usajili, nyingi zikiwa hazina wateja wala ofisi ya maana, ingawa kila idhini ina ada ya ICANN ya dola 4,000 kwa mwaka. Idhini nyingi ni sawa na tiketi nyingi katika bahati nasibu moja. Jina likidakwa na waliokuwa wameliagiza ni zaidi ya mmoja, huingizwa mnadani kati yao.

Kulipima jina kabla ya kulipia

Google iliacha kuonyesha alama za PageRank kwa umma mwaka 2016. Soko linategemea makadirio ya kampuni binafsi: Domain Authority ya Moz, Domain Rating ya Ahrefs, Trust Flow ya Majestic. Kila moja ina roboti zake na hesabu zake, na hakuna iliyo alama ya Google. Zinaweza pia kupandishwa kwa hila. Muuzaji huelekeza maelfu ya viungo hafifu kwenye jina, namba ikapanda, na mnunuzi anayetazama namba peke yake akalipa.

Upimaji wa makini hufuata mambo manne. La kwanza ni viungo vyenyewe, kimoja kimoja: vinatoka tovuti ngapi tofauti, je, kurasa hizo bado zipo, na je, kiungo kiko ndani ya makala au kimebandikwa kwenye maoni. Viungo 500 kutoka tovuti moja ni ushahidi wa tovuti moja tu. La pili ni maneno ambayo kiungo kimebebwa nayo. Jina la shirika la watunza misitu ambalo viungo vyake vingi vimeandikwa maneno ya kamari au dawa za nguvu za kiume limekwishapitia mikono michafu. La tatu ni historia, ambayo huonekana katika Wayback Machine, kumbukumbu ya Internet Archive iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Hapo mtu huona kurasa za mwaka hadi mwaka, pamoja na vipindi ambavyo jina liligeuzwa ghafla kuwa duka la viatu bandia. La nne ni kama jina bado lina kurasa katika matokeo ya Google. Kutokuwamo kabisa, wakati tovuti ilikuwa hewani hadi juzi, ni dalili kwamba huenda liliadhibiwa.

Namna tatu za kulitumia

Namna ya kwanza ni kujenga tovuti upya juu ya jina hilohilo. Hapa ufundi uko katika anwani za ndani. Kama viungo 40 vilielekea kwenye makala moja ya zamani, ukurasa wenye anwani ileile, herufi kwa herufi, lazima urudishwe; usiporudishwa, wageni na roboti hukutana na ujumbe wa 404, na nguvu ya viungo hivyo hupotea.

Namna ya pili ni kulielekeza jina lote kwenye tovuti nyingine ya mnunuzi kwa agizo la 301, linaloiambia injini kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Agizo hili lilibuniwa kwa ajili ya uhamisho wa kweli. Mada zinapotofautiana, kwa mfano jina la hospitali kuelekezwa kwenye duka la simu, Google inaweza kulipuuza au kulichukulia kama ukurasa usiokuwapo.

Namna ya tatu ni mtandao wa siri wa blogu: makumi ya vikoa vya zamani, kila kimoja na makala chache, vyote vikielekeza viungo kwenye tovuti moja inayotafuta faida. Wajenzi wake hutawanya seva, wasajili na mionekano ili mmiliki mmoja asitambulike. Septemba 2014 Google iliadhibu mitandao mingi ya aina hii kwa mkupuo mmoja.

The Hairpin: jina likibaki, mwenyewe akibadilika

Mfano unaoeleweka zaidi ni wa The Hairpin, blogu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2010 na Edith Zimmerman na kusifiwa kwa uandishi wa wanawake. Ilifungwa mapema 2018. Kwa zaidi ya miaka saba ilikuwa imekusanya viungo kutoka vyombo vikubwa vya habari. Mapema 2024 jarida la Wired liliripoti kwamba jina hilo lilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara wa Serbia, na tovuti imejazwa makala zilizotungwa na akili mnemba. Baadhi ya makala za zamani zilizopendwa ziliachwa, lakini majina ya wanawake walioziandika yaliondolewa na mahali pake pakawekwa majina ya wanaume.

Kiufundi hatua hiyo ina mantiki yake. Makala za zamani ndizo zilizokuwa zikielekezewa viungo, kwa hiyo zilipaswa kubaki kwenye anwani zao ili alama ziendelee kuingia na kusambaa kwa kurasa mpya. Kisheria ni jambo jingine: kununua jina hakumpi mnunuzi hakimiliki ya maandishi yaliyowahi kuchapishwa chini yake. Mfanyabiashara huyo alihusishwa pia na jina la Apple Daily, gazeti la Hong Kong lililolazimika kufungwa Juni 2021.

Majibu ya Google

Tarehe 5 Machi 2024 Google ilitangaza kanuni mpya dhidi ya hila za matokeo, na matumizi mabaya ya vikoa vilivyoisha muda yakatajwa kwa mara ya kwanza kama kosa linalojitegemea. Mifano iliyotolewa iko wazi: makala za kusaka kamisheni kwenye tovuti iliyokuwa ya wakala wa serikali, bidhaa za tiba kuuzwa kwenye jina lililokuwa la shirika la hisani la afya, na habari za kasino kwenye jina la iliyokuwa shule ya msingi. Mwaka huohuo kulikuwa pia na kanuni dhidi ya kuzalisha maudhui kwa wingi bila thamani, jambo ambalo mara nyingi huandamana na hilo la kwanza.

Kanuni hizo hazikukataza ununuzi wenyewe. Google ilieleza kuwa kutumia jina la zamani kwa tovuti mpya halisi, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya watu, hakuna tatizo. Kinachoadhibiwa ni nia: kulichukua jina hasa kwa ajili ya kupandisha maudhui yasiyo na thamani. Adhabu huweza kutolewa na mashine au na mkaguzi, na matokeo yake ni tovuti kushushwa au kuondolewa kabisa. Mnunuzi aliyelipa maelfu ya dola mnadani hubaki na jina lisilo na faida aliyoifuata.

Kipo pia kikwazo cha alama za biashara. Chini ya utaratibu wa ICANN wa kutatua migogoro, uliopitishwa mwaka 1999, mwenye alama anaweza kudai jina lililosajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya, hata kama yeye mwenyewe alilisahau. Shauri la jina moja mbele ya msuluhishi mmoja wa WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, huanzia dola 1,500, na mlalamikiwa akishindwa hupoteza jina bila kurudishiwa alicholipa.

Kwa hiyo njia iliyobaki na maana kwa mnunuzi ni nyembamba: jina ambalo mada yake ya zamani inalingana na kazi yake mpya, viungo vyake vimekaguliwa kimoja kimoja, na wasomaji wanaofika kupitia viungo hivyo wanakuta kile walichokuwa wakikitafuta. Nje ya hapo, anayenunua hununua muda tu, kabla injini haijatambua kuwa mwenye jina si yule tena.

Kwa taasisi inayofunga tovuti yake, hesabu ni rahisi zaidi. Bei ya jumla ya jina la .com, ambayo Verisign huwatoza wasajili, ilipanda hadi dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024. Anayelichukua jina lililoachwa anaweza pia kupokea barua pepe zinazotumwa kwa anwani za zamani za jina hilo, zikiwamo za kubadilisha nywila. Shule, zahanati au shirika lenye jina linaloaminika liendelee kulilipia hata baada ya tovuti kuzimwa, au angalau lihamishe kwanza akaunti zake zote na kuwaarifu walioliwekea viungo kabla ya kuliachia.