Anayejua pa Kusimama

Mtembezaji wa Chichén Itzá, huko Meksiko, amerahisishiwa kazi na waliojenga kabla yake. Anawasimamisha wageni mbele ya ngazi za piramidi ile ya Wamaya, inayokwenda juu mita 30 hivi, anapiga kofi moja, na jiwe linamjibu kwa mlio kama wa ndege. Wageni wanacheka, wanapiga makofi na wao, na nusu ya kazi imekwisha. Anayetembeza watu kwenye magofu ya Pemba hana kofi la namna hiyo. Ana ukuta unaomfika mtu kifuani, mizizi iliyopenya kwenye chokaa, makaburi ya mnara, na kichaka. Mgeni aliyeondoka Gombani asubuhi akitarajia kuona mji, anakuta mawe. Baina ya mawe hayo na mji pana kazi ya mtu, na nimeona wachache wanaoijua. Mmoja wao ni bwana wa makamo anayewachukua watu Ras Mkumbuu na Pujini kwa siku moja. Jina lake naliacha, kwa kuwa hapendi kutajwa.

Kazi yake huanza usiku wa kuamkia safari, kwa kuulizia maji. Ras Mkumbuu ni ulimi mwembamba wa nchi kavu uliochomoza magharibi ya Chake Chake, na njia nzuri ya kuufikia ni chombo kutoka Wesha. Siku za bamvu bahari ya Pemba hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo saa ya kuondoka haiamuliwi na mgeni wala na chai yake. Huyu bwana anataka wageni wafike maji yakiwa yanapwa, ufuo umeanza kubaki wazi. Nilidhani ni kwa ajili ya mashua. Kumbe ni kwa ajili ya somo.

Wakishuka, hawapeleki msikitini. Watembezaji wengine hukimbilia huko, maana ndiko kwenye picha. Yeye anawatuliza ufuoni, baada ya salamu na watu wa kijijini ambazo hazifupishi hata mgeni akianza kutazama saa. Anaokota tumbawe lililokufa, anaondoa mchanga kwa kidole gumba, na kumkabidhi mzee mmoja tuliyekuwa naye, mtu wa Unguja.

“Ami, hebu shika hili. Unaona nini?”

“Naona vitundu tu, mwanangu.”

“Basi vishike akilini hivyo vitundu.”

Halafu anatembea bila kusema neno. Vijana waliokuwa nyuma walianza kunong'ona kwamba mtembezaji kanuna. Hakununa. Alikuwa anatupa nafasi ya kubeba tulichokiona, kisichanganyike na kingine njiani.

Penye kibla cha msikiti wa mawe, au kwa usahihi zaidi penye kilichobaki, anamwita tena yule mzee na kumwonyesha jiwe lililochongwa ukingoni. Mzee akainama, akasogeza miwani, akacheka peke yake. Vitundu vilevile. Jiwe hilo lilitoka baharini, na lilikatwa lingali bichi. Tumbawe la aina hii likiwa na maji yake ni laini, hukubali tezo na patasi. Likishakauka hewani linashupaa, tena linabaki jepesi kuliko jiwe la mwamba. Kwa hiyo fundi wa zamani hakuwa na muda wa kujaribu-jaribu. Alilazimika kuujua mchoro kabla jiwe halijatolewa majini, achonge likiwa bado linamsikiliza. Kuta zenyewe, mahali ambapo hapana urembo, ni mawe ya nchi kavu, matumbawe ya zama za kale sana yaliyogeuka mwamba, makali na yasiyokuwa na umbo. Mawe mawili, kazi mbili, na jicho likishafunzwa haliyachanganyi tena. Nilimwona kijana mmoja, aliyekuwa akilalamikia jua tangu Wesha, anazunguka ukuta peke yake akiyatenga: hili la bahari, hili la shamba, hili la bahari.

Hapo ndipo mtembezaji wetu hugeukia chokaa, na hapo ndipo mimi humpenda zaidi, kwa sababu chokaa haina sura ya kumvutia mtu. Anatuambia tuache kutazama mawe, tutazame kati ya mawe. Katika weupe ule mna chembe nyeusi, ndogo kama punje za uwanga. Anauliza ni nini. Wengine husema uchafu, wengine mchanga mweusi. Yeye anasubiri, na kusubiri kwake kuna kipimo: hajibu mpaka mtu wa tatu akosee. Kisha anasema ni mkaa. Ni mabaki ya kuni za tanuri.

Na tanuri anaisimulia kwa mikono. Magogo yanapangwa duara, tabaka juu ya tabaka, na matumbawe yanarundikwa juu yake. Moto ukishika unaachwa ule. Joto likifika nyuzi 900 hivi jiwe linatoa hewa ukaa iliyofungwa ndani yake, na linalobaki ni jiwe lililoungua, jeupe, linalouma ngozi. Likipata maji, ya mvua au ya kumwagiwa, linachemka lenyewe, linavunjika unga, kisha linaachwa likae. Fundi mwenye subira aliliacha miezi. Likishapakwa ukutani linaanza kuivuta tena ile hewa liliyoipoteza motoni, kidogo kidogo, mpaka linarudi kuwa jiwe. Ukuta wa Ras Mkumbuu kwa maana hiyo ni tumbawe lililoungwa kwa tumbawe. Wamaya nao, bila kuwa na habari ya Pemba, walichoma mawe yao ya chokaa kwa kuni tele wapate lipu ya mahekalu. Nadhani msituni kwao zimo chembe za mkaa kama hizi, na sijui kama wanaopiga makofi pale huambiwa wazitafute.

Ana kurunzi mfukoni, mchana kweupe. Sikuelewa mpaka alipofika kwenye kivuli cha ukuta wenye lipu ya zamani. Hakuumulika uso kwa uso. Aliilaza kurunzi karibu igusane na ukuta, mwanga ukapita ubavuni, na kila mkwaruzo ukapata kivuli chake. Mahali palipokuwa tupu pakatokea alama za kiganja cha aliyepiga lipu, zimekwenda juu, zikashuka, zikakatika pale mkono ulipoishia. Mgeni mmoja alitaka kumwagia maji ukutani ili alama zitoke vizuri kwenye picha. Akakatazwa kwa upole, “Maji yanaila, dada'ngu,” na chupa ikarudi kwenye mkoba.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kuliko yote hayo, nalo ni jinsi ya kusema. Pemba haina upungufu wa ngano, na wachimbuaji nao wamepita. James Kirkman alichimba Ras Mkumbuu katika miaka ya 1950. Mark Horton alifuata katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti unaoonekana ikapatikana misingi ya misikiti iliyotangulia. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad, aliandika juu ya kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu wanaosema lugha ya Zanji, na alisafiri kutoka huko kwenda Oman mwaka 916 au 917. Wako wataalamu wanaoamini kwamba Qanbalu ni hapa. Mtembezaji asiye na ufundi angekwisha kusema: hapa ndipo. Wageni hufurahi wakiambiwa hivyo. Huyu anaweka kila kauli kwenye rafu yake. “Waliochimba walikuta” ni rafu moja, “Al-Mas'udi kaandika” ni ya pili, “wazee husema” ni ya tatu, na hachukui cha rafu moja kukitia nyingine. Akiulizwa nani kalala katika kaburi la mnara, anajibu hajulikani, na hajazi pengo hilo kwa sultani wa kubuni. Badala yake anasema makaburi ya mnara yamefuatana pwani nzima, na kwamba Kunduchi, Dar es Salaam, mnara wa kaburi ulipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China.

Chakula cha mchana ni mhogo na pweza, na haraka.

Pujini, upande wa mashariki, ufundi wake hugeuka. Huku ngano ndiyo inayotangulia, maana boma hili la karne ya 15 lina mwenyewe: Mkama Ndume, mtawala ambaye hadithi zinasema aliwatesa watu kwa kuwabebesha mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kila mgeni wa Zanzibar ameshaisikia hadithi hiyo. Ukimkatiza ukamwambia hiyo ni hadithi tu, umemfunga mlango. Basi huyu bwana anaisimulia kwa ukamilifu, pamoja na kile kisima chenye ukuta wa kuwatenga wake wenza: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenziwe akishuka ngazi, wasionane. Akimaliza ndipo anapowapandisha juu ya tuta la boma na kuwauliza: mawe haya yametoka wapi, yamefikaje, na watu wangapi walikula hapa wakati wa kujenga? Hadithi haikukanushwa. Imepewa uzito wa mawe. Mtu anayeangalia handaki, tuta na ule mfereji ambao inaaminika vyombo viliingilia kutoka baharini, anaanza kuelewa kwa nini watu wa karne nyingi waliofuata wamemkumbuka mjenzi kwa ukatili wake.

Kuna pia chumba cha chini ya ardhi, ambamo mchimbuaji Adria LaViolette alikuta ukutani siwa iliyoumbwa kwa lipu. Siwa ni pembe ya enzi. Za Lamu na Pate, moja ya shaba na moja ya pembe ya ndovu, watu wengi wamewahi kuziona picha zake. Ya Pujini haipulizwi, ni umbo tu, katika chumba kisichoingia jua. Kwa nini mtawala aiweke alama ya enzi mahali ambapo raia haioni? Mtembezaji wetu anauliza swali hilo na kuliacha, na mabishano yaliyozuka kati ya wageni yaliendelea mpaka garini. Yule mzee wa Unguja alishikilia kwamba ni jambo la mizimu, na penye ubani uliochomwa na watu siku za karibuni hakuwa mtu wa kudharauliwa. Dereva akasema ni hazina. Mtembezaji hakutia neno.

Nimebaki na ugomvi mmoja naye, wa kirafiki. Watu wengi huanza ziara kwenye Makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, wasome kwanza ndipo waende uwandani. Yeye anayaweka mwisho, kesho yake, kwa anayetaka. Nilimwambia kwamba mgeni mwenye siku moja tu hatayaona kabisa. Akasema mgeni akianza na makumbusho anaona vigae ndani ya kioo na kupita. Akianza na ukuta, anafika kwenye kioo akiwa na maswali. Kesho yake nilikwenda, na nikakaa mbele ya kabati moja muda mrefu kuliko nilivyopanga. Bado nadhani kwa mwenye siku moja mimi ndiye mwenye haki.