Fundi wa Kufuta

Aliichomeka diski ya kwanza kwenye waya wa umeme, akaiweka kiganjani, akainamisha kichwa mpaka sikio likaigusa. Kelele zote za Kariakoo zilikuwa zinapita mlangoni: mkokoteni, spika ya muuza dawa ya mende, mtu anagombana na bodaboda kwa ajili ya mia tano. Fundi alisikiliza kama mkunga anavyosikiliza tumbo la mjamzito, kisha akainua uso.

"Hii inazunguka, mzee. Hii tutaifuta." Akachukua ya pili, akafanya vilevile. Ikagonga tik, tik, tik, ikanyamaza. "Hii vichwa vimekufa. Hii tutaivunja."

Nilikuwa nimempelekea diski ngumu mbili, ndogo ya laptopu yenye gigabaiti 500 na kubwa ya kompyuta ya mezani. Zote zilitoka kwenye stesheneri yangu niliyoifunga, na kwa miaka mitatu zilikaa kabatini ndani ya soksi kwa sababu sikujua pa kuzipeleka. Anayezijua stesheneri za uswahilini anajua humo ndani kuna nini. Kuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa mtaa mzima, vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, mikataba ya viwanja, barua za kuomba kazi, na barua mbili tatu za mambo ya ndoa ambazo wenyewe walinisomea nikichapa, macho yao chini. Tangu Mei 2023 hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, nisingepata usingizi kwa kuzitupa dampo la Pugu.

Swali lake la kwanza halikuwa la bei. "Umeshahamisha vya kwako?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupangusa vumbi mezani, kisha akauliza kwa njia nyingine: "Kesho ukikumbuka umesahau kitu, mimi sitakuwa na cha kukupa. Nenda kanywe chai kwanza." Nikaenda, nikanywa, nikarudi na jibu lilelile. Hapo ndipo akavuta kiti.

Nikamwambia, kwa majivuno kidogo, kwamba mafaili yote nilishayafuta mwenyewe zamani, na hata lile pipa la takataka nililimwaga.

"Mwenye nyumba akikata jina la mpangaji kwenye daftari," akasema, "mpangaji ameshahama?"

Hajahama. Kitanda chake kipo, sufuria zake zipo, na usiku anakoroma. Unapoiambia kompyuta ifute faili, kwa kawaida inakata jina kwenye orodha na kuandika kwamba chumba kile kiko wazi kwa atakayekuja. Yaliyomo hubaki palepale, yameandikwa kwa sumaku, mpaka siku jambo jingine litakapoandikwa juu yake. Kufomati kwa haraka nako ni kununua daftari jipya tu. Fundi alinionyesha kwa diski yangu mwenyewe. Akafungua programu ya kuokoa mafaili, ya bure, ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuipakua, na baada ya dakika chache majina niliyoyaua miaka mitatu iliyopita yakaanza kupanda moja baada ya jingine. Akageuza kioo kinielekee mimi, yeye akatazama nje mtaani. Kwa kitendo kile kidogo nilimwamini kuliko cheti chochote ambacho angenitundikia ukutani.

Si mimi peke yangu niliyejidanganya. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 walizozinunua zikiwa zimeshatumika. Zilizokuwa bado zinafanya kazi ni 129. Kati ya hizo, zilizosafishwa ipasavyo zilikuwa 12. Humo walikuta maelfu ya namba za kadi za mkopo. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski Ghana, na katika moja wakakuta nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya Marekani inayotengeneza zana za kivita. Sisi tunaonunua kompyuta za mitumba hatuwezi kushangaa sana. Kontena likishuka bandarini, siri za watu nazo zimeshuka.

Sasa kazi. Aliwasha kompyuta yake kwa flashi yenye Linux, na kabla ya kufuta chochote akaiomba diski ripoti ya afya yake. Kila diski huweka kumbukumbu hiyo kimyakimya. Humo kuna hesabu moja anayoitazama kuliko zote, idadi ya sehemu zilizoharibika ambazo diski imezistaafisha na kuweka nyingine za akiba badala yake. Sehemu iliyostaafu haifikiwi tena kwa njia ya kawaida, na kilichoandikwa humo kinaweza kubaki hata baada ya kufuta kwingine kote. Zikiwa nyingi, haamini tena kufuta, anavunja. Yangu ilionyesha sifuri. Akaguna kwa kuridhika.

Kisha akafanya jambo ambalo nililiona la kizee kwa kijana wa umri wake. Aliichomoa diski, akasoma kwa sauti namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye lebo, herufi kwa herufi, akairudisha na kuilinganisha na namba iliyotokea kwenye kioo. Akarudia. Kwenye orodha ya diski iliyokuwa kiooni kulikuwa pia na diski yake mwenyewe, yenye kazi za wateja wengine, na amri ya kufuta haiulizi mara mbili. Herufi moja ikikosewa, inafutwa ya jirani. "Mwalimu wangu alijifutia ya kwake," akasema, akabonyeza.

Basi ikaanza kuandika sifuri. Kutoka mwanzo wa diski mpaka mwisho, bila kujali kilichokuwapo ni cheti au picha. Kwa gigabaiti 500 za diski kuukuu ni kama saa mbili, na hakuna njia ya mkato. Nilimuuliza habari za wale wanaosema lazima kufuta mara 35. Hesabu hiyo inatokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyoandikwa kwa ajili ya diski za teknolojia mbalimbali za zama zile, na Gutmann mwenyewe amekuja kusema kwamba kuzitumia zote 35 kwa diski za siku hizi hakuna maana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unakubali kwamba kwa diski ya sumaku kuandika juu mara moja, kote, kwa kawaida kunatosha. Fundi wangu hasomi makala hizo. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mara moja, lakini kote. Halafu nasoma."

Hilo la kusoma ndilo lililonifanya niandike haya. Wengi wakiona asilimia 100 wanazima na kudai hela. Yeye alianza upya, saa mbili nyingine, safari hii kompyuta ikisoma diski yote kuhakikisha kila kilichomo ni sifuri. Ilipomaliza bila kulalamika, bado hakutosheka. Akafungua sehemu za kubahatisha, mwanzoni, katikati, karibu na mwisho, na kioo kikajaa safu za 00 00 00 00. Mwisho akairudisha ile ile programu ya kuokoa mafaili iliyoniumbua asubuhi, akaiacha itafute. Haikupata hata jina moja. Akakata kipande cha utepe wa karatasi, akaandika tarehe, namba ya diski na maneno mawili: *imefutwa, imesomwa*. Akabandika.

Tulipokuwa tunasubiri, aliishughulikia ile iliyokufa. Hapa nilitegemea nyundo, maana hata mimi nyumbani nilishaifikiria. Yeye alitoa bisibisi ya nyota yenye ncha sita na kibakuli cha plastiki cha skrubu. Alifungua zote za pembeni, mfuniko ukagoma, naye hakuuvuta kwa nguvu. Akapitisha kidole gumba juu ya lebo polepole mpaka kikazama kidogo. Chini ya karatasi kulikuwa na skrubu iliyofichwa. Akaitoboa lebo palepale, akafungua, na mfuniko ukainuka wenyewe.

Sijawahi kuona kitu cha takataka kinachopendeza namna ile. Sahani mbili zinazong'aa kuliko kioo cha kinyozi, na juu yake mkono mwembamba kama mguu wa panzi, ulioshika kichwa cha kusomea. Diski ikiwa hai, sahani zile huzunguka mara 7,200 kwa dakika na kichwa huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya moshi, bila kugusa. Fundi aliniacha nijitazame humo kwa muda. Nadhani anawafanyia hivyo wateja wote.

Halafu akaanza. Sumaku mbili za nyuma alizitenganisha kwa uangalifu, maana zikikubana ngozi utalia. Sahani za diski hii zilikuwa za alumini. Alizikwangua kwa msasa pande zote mpaka mng'ao wote ukaisha, ndipo akazibana kwenye jiliwa na kuzikunja kwa nyundo. Za laptopu nyingi ni za kioo, na hizo huzifunga ndani ya gunia kabla ya kuzipiga, miwani usoni, kwa kuwa hupasuka vipande vidogo vinavyoruka.

"Kwa nini usitoboe tu tundu moja?" nikamuuliza. Alisema tundu linaharibu pale lilipopita keekee, na kwingine kote maandishi yapo. Kwa mwizi wa kawaida linatosha, akakubali, lakini yeye havunji kwa ajili ya mwizi wa kawaida tu. Yuko sahihi. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika angani Februari 2003 kikirejea duniani. Diski yake moja iliyookotwa Texas ikiwa imeungua ilipelekwa kwa wataalamu wa Kroll Ontrack, nao wakaokoa karibu data zote. Anayeitupa diski motoni nyuma ya nyumba huwa anawavutisha watoto wake moshi wa sumu, na huenda siri bado imo.

Kuhusu hizi mpya zisizo na sahani, za SSD, alisema machache. Sumaku haizidhuru. Kuandika sifuri juu yake hakuaminiki, kwa sababu huhamishahamisha data zenyewe na kuweka sehemu za akiba ambazo huzioni. Kwa hizo hutumia amri ya kufuta aliyoiweka mtengenezaji ndani ya diski yenyewe, na ikishindikana huvunja kila chipu, si ubao tu. Ushauri wake ni kuzifunga kwa nywila tangu siku ya kwanza kwa kusimba data zote; siku ya kuachana nazo unaharibu ufunguo, yanabaki makapi.

Jioni meza yake ilikuwa na mafungu: kasha la alumini kwa ajili ya mpima skrepa, ubao wa kijani kwenye ndoo ya takataka za kielektroniki ambazo hukusanywa na wanaozichakata, skrubu kwenye kibakuli, sumaku kwangu. Diski nzima aliniuliza kama nataka aivunje pia. Nikasita. Akasema kuvunja diski nzima ni israfu, na kwamba kuna mwanafunzi wa chuo anatafuta ya kuhifadhia kazi zake. Nilimwachia. Akanitoza elfu kumi na tano kwa zote mbili, kwa siku nzima ya kazi, na nikaona aibu kuomba apunguze.

Nawe ukipeleka yako, popote ulipo, usianze na bei. Muulize fundi wako: ukishafuta, unasomaje kuhakikisha? Akibaki anakushangaa, chukua diski yako urudi nayo nyumbani.