Rangi Moja kwa Zamu Yake

Ukitaka kuijua skafu ya hariri iliyotengenezwa vizuri, anzia ukingoni. Katikati kuna farasi, ndege na maua, nami navipenda vyote, ila ukingo ndio unaomweleza fundi. Katika skafu za Hermès za Ufaransa, upindo huviringwa kwa mkono kuelekea upande wa mbele wa kitambaa, kisha hushonwa kwa sindano na uzi wa hariri wa rangi inayooana nao. Upitishe katikati ya vidole: ni mnene, umejaa, haukulazwa na pasi. Skafu ya sentimita 90 kwa 90 ina takriban mita 3.6 za mshono huo, na kila pembe hudai uangalifu wake.

Hermès ilianza Paris mwaka 1837, ikitengeneza hatamu za farasi na mikanda yake ya ngozi. Skafu yake ya kwanza ya mraba ilitoka miaka 100 baadaye, mwaka 1937, chini ya Robert Dumas, mkwe wa Émile Hermès. Mchoro wake ulitokana na mchezo wa mezani wa karne ya 19, wenye mabasi yaliyokokotwa na farasi. Mwaka 1957 Hugo Grygkar akachora Brides de Gala, hatamu za sherehe zilizopangwa zikitazamana, na mchoro huo umependwa kizazi baada ya kizazi. Fundi wa ngozi anajua kwamba mshono mbovu kwenye hatamu huweza kumwangusha mpanda farasi. Nikitazama skafu hizi, naiona nidhamu hiyo hiyo imehamia kwenye hariri.

Kazi ya uchapaji hufanyika eneo la Lyon, na mji huo haukuupata ustadi wake kwa bahati. Mwaka 1536 Mfalme François wa Kwanza aliuruhusu kufuma hariri. Ndiko alikotoka Joseph Marie Jacquard, ambaye mtambo wake wa kufumia ulibadilisha kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiko pia wafumaji wa mtaa wa Croix-Rousse walikoinuka mwaka 1831 kudai malipo ya haki. Anayeipenda hariri na awakumbuke watu hao, kwa maana anasa ya mvaaji imesimama juu ya mabega yao.

Sehemu ya kazi inayonishangaza kuliko zote ni ile isiyoonekana dukani. Msanii akishakabidhi mchoro wake, fundi wa kutenganisha rangi huukalia kwa mamia ya saa. Huuvunja rangi moja moja: hapa pana kahawia, hapa kahawia iliyopauka kidogo, hapa kivuli cha kahawia hiyo hiyo. Kila rangi huchorwa upya peke yake, na kila moja hutengenezewa fremu yake ya kuchapia. Skafu yenye rangi 30 huhitaji fremu 30. Chukua kazi za Kermit Oliver, Mmarekani mweusi aliyekuwa akipanga barua usiku katika posta ya Waco, Texas, huku akiichorea Hermès. Moja ya skafu zake ina bata mzinga katikati, na wanyama na mimea ya Texas pembeni. Hebu fikiria manyoya ya ndege huyo: kila unyoya una mwanga wake na giza lake, na mtu mwingine kabisa amelazimika kuamua kila tone la wino liingie fremu gani.

Kitambaa chenyewe kimeanza na kiwavi anayekula majani ya mforosadi, anayejizungushia uzi mmoja ambao huweza kuzidi kilomita moja. Uzi huo hufumwa kwa mistari ya mshazari, ndiyo maana hariri hii ina uzito, na fundo lake halitelezi ovyo. Hutandazwa ikiwa nyeupe juu ya meza inayoweza kuzidi mita 100. Fremu hushuka, rangi iliyokolezwa kwa gundi hupitishwa kwenye wavu wake mwembamba, fremu huinuka na kusogea kwenye skafu inayofuata. Rangi ya pili hungoja zamu yake, kisha ya tatu. Fremu ikihama kwa upana wa unywele, ua linatoka nje ya mstari wake, wala hakuna kufuta. Baada ya hapo mvuke huzishikisha rangi kwenye uzi, na maji huondoa gundi. Igeuze skafu nzuri upande wa nyuma: rangi imezama hadi huko.

Mchoro mmoja huchapwa kwa michanganyiko mingi ya rangi, na kila mchanganyiko hubadili tabia yake. Farasi aliyekuwa mtulivu kwenye kijivu anawaka kwenye rangi ya chungwa. Anayeijua kanga hatapotea hapa: skafu nayo ina pindo lake na mji wake, yaani sehemu ya katikati, na rangi za pindo ndizo zinazouamsha au kuuzima mji.

Halafu linakuja jambo ambalo mchoraji hulijua tangu siku ya kwanza: skafu haivaliwi ikiwa imetandazwa. Hukunjwa, hufungwa shingoni au kichwani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo yote hujificha ndani ya mikunjo. Kwa hiyo pembe nne lazima ziwe na uzuri wa kujitegemea, na kila mkunjo uwe na kitu cha kuonyesha. Watu kadhaa wamefanya kazi kwa ukamilifu ule ule kwenye sehemu itakayoonekana na kwenye sehemu ambayo huenda isionwe na yeyote ila mwenye skafu. Kwangu mimi, ustadi hupimwa hapo, na kwa sababu hiyo naheshimu skafu moja iliyotengenezwa hivi kuliko kabati zima la nguo zilizoharakishwa.