Sala Isiyo Kitabuni: Uhakiki wa Lugha ya Ibada Nje ya Makanisa Makuu Mjini Isiolo

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki namna wataalamu wa lugha na fasihi walivyoitazama ibada ya Kikristo inayofanyika nje ya makanisa yaliyoanzishwa na wamisionari, na kuonyesha kwamba vipimo vilivyotumiwa kwa muda mrefu haviwezi kuieleza barabara. Mji wa Isiolo, nchini Kenya, umechaguliwa kuwa kielelezo kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali wanapokutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na kiungo chao ni Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao si lugha ya mama. Pili, ni mji ambao Wakristo wanaishi ubavuni mwa Waislamu walio wengi, hata sala ya mmoja ikavuka ukuta wa mabati na kueleweka na jirani wa dini nyingine.

Suala lenyewe si la nadharia tupu. Mwaka 1934 polisi wa kikoloni waliwaua watu watatu wa kundi la Watu wa Mungu katika msitu wa Ndarugu, nchi ya Wakikuyu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wakimfuata mhubiri mmoja, wengi wao wakiwa wamekufa kwa kufunga chakula. Katika tukio la kwanza dola liliwaona hatari watu waliokuwa wakisali. Katika la pili halikuuona mauti mpaka makaburi yalipochimbuliwa. Baina ya makosa haya mawili ipo haja ya kusikia vizuri zaidi yanayosemwa katika ibada hizi, na kusikia maneno ndiyo kazi ya mwanafunzi wa lugha.

2. Majina na hukumu iliyomo ndani yake

Uhakiki wowote hauna budi kuanza na majina. Neno dini, lenye asili ya Kiarabu, katika Kiswahili cha kawaida lina maana pana isiyo na lawama. Lakini katika majalada ya utawala wa kikoloni nchini Kenya neno hilo lilipewa maana finyu: dini ilikuwa kikundi cha Waafrika kinachosali bila idhini ya mzungu. Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, ilipigwa marufuku mwaka 1948. Mapambano ya Kolloa ya mwaka 1950, baina ya askari wa serikali na Wapokoti waliomfuata Lukas Pkiech, yaliitia maana hiyo nguvu. Uhuru nao haukuifuta: Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku tena mwaka 1968, mara hii na serikali ya wananchi wenyewe.

Neno dhehebu nalo limepita njia ya namna hiyo. Katika elimu ya Kiislamu ni njia ya kuifahamu sheria, wala kuwa na dhehebu si aibu. Katika matumizi ya Kikristo limekuwa jina la kanisa lolote miongoni mwa mengi, na tangu Shakahola husikika mara kwa mara likiambatana na vivumishi kama potofu au hatari. Hata istilahi inayopendwa na wasomi, yaani makanisa huru, haikosi kasoro, kwa kuwa inalieleza kundi kwa kile lilichokiacha, haisemi limekuja na nini. Mtu asaliye na jamaa zake chini ya mgunga nje ya mji wa Isiolo hasali ili awe huru na askofu fulani. Anasali kwa sababu ana la kumwambia Mungu. Istilahi isiyoweza kumwona mtu huyo ila kwa kupitia kanisa asilokwenda ni istilahi ya upande mmoja.

3. Mahali pa sala katika fasihi simulizi

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliwaeleza Watu wa Mungu wakisali kwa kuinua mikono na kuuelekea Mlima Kenya, wakitetemeka na kuiga sauti za wanyama wakali. Maelezo hayo ni ya thamani kubwa, lakini jicho lake limetulia zaidi juu ya mwili na sauti kuliko juu ya mpangilio wa maneno. John Mbiti naye, mwaka 1975, alikusanya sala za Kiafrika na kuzichapisha kwa Kiingereza, akizipanga kwa mada. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba Mwafrika alijua kusali kabla ya kuja mmisionari. Hata hivyo, sala iliyotafsiriwa na kupangwa kwa mada huachwa bila sauti ya walioiitikia.

Miongoni mwa wahakiki wa Kiswahili hatua kubwa ilipigwa na M. M. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, ambamo sala ilipewa nafasi katika utanzu wa mazungumzo. Muhimu zaidi ni msisitizo wake kwamba fasihi simulizi haiwezi kuchambuliwa mbali na muktadha wake, yaani fanani, hadhira na tukio. Hapo ndipo penye ufunguo. La kusikitisha ni kwamba ufunguo huo haujatumiwa sana kwa upande wa sala. Wanafunzi wengi wamechambua methali, vitendawili, ngano na nyimbo za jando, lakini mahubiri ya Jumapili yanayosikika kila mtaa yameachiwa wanateolojia. Sababu yaelekea kuwa ni kipimo kilichofichika: sala ya kitabu, kwa kuwa haibadiliki, huhesabiwa kuwa na fani, sala itokayo moyoni, kwa kuwa hubadilika, hudhaniwa kuwa ni maneno tu. Kipimo hiki kingetumiwa kwa ngano, ngano yenyewe isingebaki kuwa fasihi.

4. Biblia na kujitenga: hoja ya Barrett

David Barrett, katika Schism and Renewal in Africa (1968), alichunguza vikundi karibu 6,000 vilivyojitenga na makanisa ya kimisionari barani Afrika. Hoja yake mojawapo ni kwamba tafsiri ya Biblia katika lugha ya wenyeji ilikuwa sababu kubwa ya kujitenga: waumini walipoisoma wenyewe, walipata mizani ya kumpimia mmisionari. Historia ya Kenya yaelekea kumuunga mkono. Agano Jipya la Kikikuyu lilitoka mwaka 1926, na ni katika miaka hiyo hiyo walipotokea Arathi, yaani manabii, ambao ndio chimbuko la Akorino wenye vilemba vyeupe wa siku hizi.

Hata hivyo, hoja hii haitoshi. Legio Maria, iliyoanzishwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko huko Nyanza mwaka 1963, ilikihifadhi Kilatini katika ibada yake, katika miaka ile ile ambayo Kanisa Katoliki lenyewe, kufuatia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilikuwa likifungua mlango kwa lugha za wenyeji. Waliotoka walishika lugha ya kigeni, waliobaki waliiacha. Kwa hiyo lugha ya ibada haichaguliwi kwa sababu inaeleweka tu. Huchaguliwa pia kwa sababu ya heshima na mamlaka iliyomo ndani yake.

Isiolo inaongeza tatizo jingine. Chini ya sheria za wilaya zilizofungwa, kuingia na kutoka katika Mpaka wa Kaskazini kulihitaji kibali, na kazi ya misheni haikuenea huko kama ilivyoenea katika nyanda za juu. Kisha vikaja vita vya shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967. Matokeo yake ni kwamba wengi waliofika Isiolo kutoka kila upande walikutana na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Biblia ya muungano iliyojengwa juu ya Kiunguja. Lugha ya pwani ikawa lugha ya Mungu nyikani. Barrett alidhani mizani ya muumini ni lugha yake ya mama. Isiolo inaonyesha kwamba lugha ya pili nayo yaweza kuwa mizani, ikiwa hakuna kabila moja liwezalo kuimiliki peke yake.

5. Fani ya sala isiyoandikwa

5.1 Msamiati wa pamoja. Msemaji wa Kiswahili hawezi kusali sala ya Kikristo bila maneno yaliyokwisha kutumika msikitini: imani, ibada, dhambi, toba, sadaka, nabii, malaika, roho. Mkristo husali, Mwislamu huswali; asili ni moja, na tofauti ya sauti moja imekuwa mpaka wa dini mbili. Chini ya msamiati huo wa Kiarabu lipo jina Mungu, ambalo Mmeru hulitambua kwa kuwa lina ujamaa na Murungu wa kwao. Mturkana analeta Akuj, Msamburu Nkai, Mborana Waqa. Asemapo Mungu kwa Kiswahili, kila mmoja anakutana na mwenzake bila ya kulisaliti jina la nyumbani. Huo ni utajiri wa kisanaa ambao kitabu cha sala cha kabila moja hakiwezi kuutoa.

5.2 Vinywa viwili. Katika mji wa lugha nyingi, mahubiri mara nyingi huwa na mkalimani anayefasiri sentensi baada ya sentensi. Wahakiki wamezoea kumhesabu mkalimani kuwa chombo tu. Lakini ni dhahiri kwamba yeye huiumba fani. Mhubiri analazimika kukata maneno yake vipande vifupi, kila kipande kikiwa na maana kamili. Hutumia takriri ili kurudi pale alipoachia. Huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na sauti ya pili na itikio la hadhira. Zaidi ya hayo, mkalimani huchagua. Akilainisha neno kali, au akilitilia mkazo neno la kupita, hadhira imepata hotuba nyingine. Fanani hapa si mmoja, ni wawili, na mmoja wao anaweza kumrekebisha mwenzake mbele ya watu.

5.3 Urudiaji. P. T. W. Baxter, katika makala yake ya mwaka 1965 kuhusu urudiaji katika sherehe za Waborana, alionyesha jinsi dua za amani zinavyorudiwa rudiwa na kuitikiwa na waliohudhuria. Msomaji wa haraka angeona uchovu wa maneno. Baxter aliona kwamba kurudia kwenyewe ndiko kunakoifanya kazi ya dua. Funzo hili linafaa kwa ibada ya Kikristo isiyo na kitabu. Muumini anapotaja sifa za Mungu mara nyingi kabla ya kuomba, hajakosa la kusema. Anafuata mpango unaojulikana: sifa, shukrani, toba, haja na hitimisho. Hata watunzi wa tenzi za Kiswahili hufungua kwa kumhimidi Mola kabla ya kuingia katika kisa. Mpango haukuandikwa popote, lakini anayeuvunja hutambuliwa mara moja.

6. Itikio kama kipimo

Baada ya Shakahola serikali ya Kenya iliunda kikosi kazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi, kilichotoa ripoti mwaka 2024 na kupendekeza sheria mpya ya kusimamia mashirika ya dini. Tangu zamani Sheria ya Vyama imedai katiba, viongozi na usajili. Vipimo hivi ni vya karatasi. Kikundi chenye mhuri chaweza kuua, na familia tano zisizo na mhuri zaweza kusali kwa amani miaka yote.

Je, uhakiki wa fasihi una kipimo kingine? Unacho, ingawa si cha polisi. Ni itikio. Katika ibada yenye uhai, hadhira haiitikii tu. Itikio lake laweza kugeuza mwendo wa tukio. Mwenye ushuhuda husimama bila kuitwa. Mwanamke huanzisha wimbo na mhubiri hunyamaza. Mkalimani huuliza maana. Sala hupokezanwa kutoka kinywa hadi kinywa. Pale ambapo kinywa ni kimoja, na kazi ya wengine ni kusema amina tu, fani imebadilika, na mhakiki ana haki ya kulisema hilo waziwazi.

Itafaa kukiri udhaifu wa kipimo hiki. Itikio laweza kutolewa kwa woga, na umati wenye shangwe waweza kupotea pamoja na kiongozi wake. Tena, makanisa makuu yenyewe hayakosi mimbari zisizojibiwa. Kwa hiyo kipimo hiki hakiwatengi walio nje na walio ndani; kinapita katikati ya wote. Na hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa kinaihamisha lawama kutoka kwenye jina la kundi na kuiweka juu ya namna watu wanavyosemezana ndani yake.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ibada ya Kikristo nje ya makanisa makuu ni uwanja halali wa uhakiki wa Kiswahili, na kwamba majina iliyopewa, pamoja na kipimo cha maandishi, yameuficha uwanja huo. Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha: kuzirekodi sala na mahubiri kwa idhini ya wenyewe, pamoja na mkalimani na itikio, na kuzifundisha kama zinavyofundishwa ngano na tenzi. Lugha iliyowawezesha Mmeru, Mturkana na Mborana kumwita Mungu kwa jina moja haistahili kuachiwa mahakama na magazeti peke yake. Watu wa Ndarugu walihukumiwa na wasioijua lugha yao. Watu wa Shakahola walikufa karibu na wanaoijua, bila ya kusikilizwa.