Jicho la Pembeni: Namna ya Kuitambua Darubini Nzuri ya Kuongozea

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa sababu hiyo nyota huonekana zikisogea digrii 15 hivi kila saa. Darubini ndogo ya kompyuta inaijua hesabu hiyo. Mtumiaji akichagua Nebula ya Orioni kwenye simu, mota huvuma, bomba hugeuka, na punde nebula imo ndani ya lenzi. Kwa anayetazama kwa macho tu, kazi imekwisha. Kwa anayetaka picha ya dakika tano, ndiyo kwanza imeanza.

Gia za darubini hizi ni ndogo na za bei nafuu. Kila gia ya skrubu inapomaliza mzunguko wake, nyota huwa imeyumba huku na huku kwa makumi ya sekunde za tao. Digrii moja ina sekunde za tao 3600. Hapo ndipo darubini ya pili inapohitajika, ile nyembamba inayofungwa ubavuni mwa kubwa. Kamera yake huikodolea nyota, kompyuta hupima kila baada ya sekunde mbili hivi imehama kiasi gani, kisha huiamuru mota iirudishe mahali pake.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya binadamu. Edward Emerson Barnard, aliyepiga picha za Njia ya Maziwa katika kituo cha Lick huko California kuanzia mwaka 1889, alikesha jicho lake likiwa kwenye darubini ya kuongozea, mkono ukiizuia nyota isitoke kwenye makutano ya nyuzi mbili. Leo kazi hiyo hufanywa na PHD2, programu ya bure iliyotokana na PHD ya Craig Stark, nayo haisinzii. Udhaifu wake ni kwamba inaamini kila inachoonyeshwa. Darubini ya pembeni ikilegea kidogo, programu huona nyota imehama, nayo huisogeza mota kurekebisha kosa ambalo halipo. Grafu ya programu hutoka safi, picha huharibika.

Ndiyo maana mjuzi akiishika darubini ya kuongozea dukani, kioo huja baadaye. Kwanza huangalia inavyoshikwa.

Nyingi za bei rahisi zimekaa ndani ya pete mbili zenye skrubu tatu tatu, ncha zake za plastiki. Muundo huo umerithiwa kutoka darubini za kulengea, ambazo lazima zipindishwe hadi zitazame kule inakotazama kubwa. Ya kuongozea haihitaji usahihi huo. Yenye urefu wa fokasi wa milimita 120, ikiwa na kamera maarufu ya ASI120MM Mini, huona kipande cha anga cha takriban digrii 2.3 kwa 1.7, na ni nadra kukosa nyota ya kufuata humo. Skrubu sita za kurekebishia, basi, ni milango sita ya kulegea. Pete nzima ya chuma inayolikumbatia bomba pande zote ni bora kuliko skrubu za aina yoyote. Chini yake, ile reli inayoingia kwenye kiatu cha darubini kubwa ibanwe kwa skrubu mbili. Ya skrubu moja huchezacheza hata ikazwe vipi.

Kuna jaribio la kidole ambalo halina gharama. Kamera zote mbili zikiwa zimewashwa, nyota iwekwe katikati ya kila skrini na mahali pake pawekwe alama. Mkia wa darubini ndogo ubonyezwe kwa nguvu ile ya kubonyeza swichi ya taa, kisha uachiwe. Nyota itaruka, na kuruka si kosa, maana hakuna chuma kisichopinda. Linalopimwa ni mahali inaporudi. Ikiwa imehama katika kamera zote mbili, gia ndizo zilizosogea. Ikiwa imehama katika ile ndogo peke yake, kibano hakifai. Pikseli tatu zinaonekana haba, lakini kwa kamera hiyo yenye pikseli za mikroni 3.75 kwenye fokasi ya milimita 120, kila pikseli ni sekunde za tao 6.4, tatu ni kama 19. Darubini kubwa ya milimita 250, kama RedCat 51, ikiwa na kamera ya pikseli za mikroni 3.76, huona sekunde 3.1 kwa pikseli. Kosa lile lile kwake ni pikseli sita, yaani picha ya kutupwa.

Sehemu ya fokasi hupimwa kwa mkono huohuo. Ile ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa ni nzuri iwapo ina pete ya kufungia, na ikishafungwa kamera isitikisike inapovutwa. Waya wa USB nao ufungwe kwenye bomba karibu na kamera. Waya unaoning'inia huvuta taratibu usiku kucha.

Kuhusu lenzi, maneno machache yanatosha. Lenzi mbili za kawaida hufanya kazi, na anayelipia vioo vya kifahari hapa anapoteza fedha. Nyota iwe duara katikati ya picha. Pembeni isimkoseshe mtu usingizi. Hata ukungu kidogo wa fokasi si dhambi, kwa kuwa programu hukadiria kitovu cha nyota kwa sehemu ndogo ya pikseli, na hilo huwezekana mwanga ukitandaa juu ya pikseli kadhaa. Kamera iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, kwani ile ya rangi hupoteza mwanga kwenye vichujio vyake. Kwa watu wa pwani, kofia ya mbele iwe ndefu: umande wa Unguja huifunika lenzi ya milimita 30 kabla mtu hajamaliza chai. Fupi hurefushwa kwa karatasi nyeusi ngumu.

Uzito una sababu yake. Kitako cha AZ-GTi cha Sky-Watcher hubeba kilo 5, na wapiga picha wazoefu hawapendi kufika huko. Darubini ya kuongozea ya milimita 60 pamoja na pete zake inaweza kukaribia kilo nzima, na kwa kuwa imekaa juu, mbali na mhimili, inadai uzito wa ziada upande wa pili ili kusawazisha. Ya milimita 30 haidai karibu chochote. Gia ndogo zina nafasi kati ya meno; kama usukani wa gari kuukuu, huzungushwa kidogo kabla magurudumu hayajaitika. Mzigo mwepesi humruhusu mpiga picha aache upande wa mashariki uwe mzito kidogo tu, meno yakae yamegusana muda wote.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna darubini ya kuongozea inayolitibu. Kitako kinachosogea juu-chini na kushoto-kulia huiweka nyota katikati, ila anga yote huzunguka kuizunguka nyota hiyo, na karibu na ikweta mzunguko huo ndio mkali kuliko kwingine. Nairobi, kwa anayeangalia kaskazini au kusini kwenye kimo cha digrii 45, picha ya dakika tano hujizungusha karibu digrii 1.8. Mashariki na magharibi kamili haujitokezi. Dawa ni kukilaza kitako juu ya kabari ili mhimili wake uwe sambamba na ule wa Dunia. AZ-GTi hukubali hivyo ikibadilishiwa programu ya ndani. Kabari yenyewe ikaguliwe kabla ya kulipiwa. Mombasa ncha ya kusini ya anga iko digrii 4 tu juu ya upeo, na si kila kabari iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya inashuka hadi hapo bila uzito wa kusawazisha kugonga miguu ya stendi. Nyota ya kulengea nayo hakuna: Polaris haionekani, na Sigma Octantis ya kusini ni hafifu mno kwa kimo kile. PHD2 ina njia ya kupanga mhimili kwa kupima nyota zinavyohama, na hiyo ndiyo inayofaa huku.

Hukumu ya mwisho hutolewa na picha. Nyota zote zikirefuka upande mmoja, ufuatiliaji una hitilafu. Zikichora tao kuzunguka katikati, ni mzunguko wa anga. Zikiharibika pembeni peke yake, lenzi kubwa au nafasi ya kamera ndiyo yenye shida. Picha kumi mfululizo zikipitishwa haraka moja baada ya nyingine, na nyota zikahama polepole kuelekea upande uleule huku grafu ikitulia, mshukiwa wa kwanza ni kile kibano.

Kwa bomba lenye fokasi isiyozidi milimita 500, darubini ya milimita 30 iliyoshikwa na pete za chuma inatosha. Mwenye NexStar 8SE, yenye milimita 2032 na kioo kinachoweza kuhama ndani ya bomba lake lenyewe, asiinunue kabisa. Atafute kifaa cha prizimu kinachochota mwanga wa nyota ndani ya bomba lilelile kubwa.