Filamu tatu zilizotuhusu, lakini hazikutufikia

Mapenzi yangu ya filamu hayakuanzia kwenye ukumbi wa sinema. Yalianzia Songwa, wilaya ya Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ndani ya banda la video lenye mabenchi ya mbao, turubai jeusi mlangoni na jenereta inayonguruma kwa nyuma. Kiingilio cha mtoto kilikuwa shilingi 100. Tulimwangalia Schwarzenegger, tukamwangalia Jet Li, huku Lufufu akitutafsiria kwa Kiswahili na kuongeza na ya kwake. Hakuna aliyelalamika.

Darasani kwetu alikuwepo mwenzetu mwenye ualbino. Alikuwa mrefu, kwa hiyo alipangwa kukaa nyuma, na kwa kuwa alikaa nyuma alichapwa karibu kila siku kwa kutonakili kilichoandikwa ubaoni. Bandani mambo yaligeuka: alikuja mapema, akakaa mbele kabisa, pua inakaribia kugusa televisheni, na sisi wa nyuma tukawa tunapiga kelele, "Toa kichwa!" Kuna na jina tulilokuwa tunamwita. Leo siliandiki.

Mwaka 2008 hivi, habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilipozidi huku Kanda ya Ziwa, aliacha kuja shule. Tuliambiwa amepelekwa kwa ndugu, mbali. Sikuuliza zaidi. Mimi leo nina shahada ya uzamili na kazi yangu ni jeni, na ninajua kitu ambacho darasa zima halikukijua, mwalimu akiwemo: yule mtoto alikuwa haoni ubao.

Kwa hiyo nikiulizwa filamu ninazozipenda, hasa zile ambazo watu hawazipi heshima yake, sitaji za mapigano. Nataja tatu ambazo zingeweza kutusaidia pale Songwa na hazikufika.

Kwanza ile iliyofika kila mahali

Ukitaja filamu na Kanda ya Ziwa, mtu atakuambia Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Iliteuliwa kuwania Oscar, ikazua ugomvi, mpaka Rais Kikwete akaikosoa hadharani mwaka 2006. Nisikudanganye, ni filamu yenye nguvu. Ila nikiitazama kama mtu wa sayansi naona Darwin yupo kwenye jina kuliko ndani. Habari ya sangara kupandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na jinsi aina nyingi za furu zilivyotoweka baadaye, ni moja ya visa vikubwa vya ikolojia duniani. Filamu inakigusa, kisha inakimbilia ndege za mizigo na watoto wa mitaani Mwanza. Mtazamaji wa Ulaya anatoka na hasira. Mvuvi wa Mwanza anatoka na nini? Yeye humo ndani ni picha ya shida tu, wala haulizwi sana anavyofikiri.

Hizi tatu zangu zinafanya kinyume chake. Zinakaa na watu wanaoamini kitu, zikituonyesha kwa nini wanakiamini.

White Shadow (2013)

Hii imeongozwa na Noaz Deshe, imepigwa Tanzania na inazungumza Kiswahili. Kwenye tamasha la Venice mwaka 2013 ilipata tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji. Ryan Gosling, ndiyo, yuleyule, alikuwa mmoja wa watayarishaji watendaji. Pamoja na hayo yote, ukiuliza watu kumi wa Shinyanga sidhani utampata hata mmoja aliyeiona.

Alias ni kijana mwenye ualbino. Baba yake anauawa, na mama anampeleka mjini kwa mjomba wake, Kosmos, anayechezwa na James Gayo, mchoraji wa Kingo. Huko Alias anajifunza kuuza vitu barabarani, anapata marafiki, anapenda. Wakati huohuo kuna watu wanaomwona kama mzigo wa fedha unaotembea.

Malalamiko makubwa juu ya filamu hii ni kamera. Haitulii. Inakimbia, inatikisika, sura zinapotea kwenye ukungu na mwanga mkali. Nilipoiona mara ya kwanza nikasema, ahaa, nimeelewa: mwongozaji anatuonyesha dunia kwa macho ya Alias. Wengi wenye ualbino macho yao huchezacheza bila wao kutaka, kwa hiyo lazima waione dunia ikitikisika. Nikajisikia mjanja sana.

Kumbe nilikosea. Mtu aliyezaliwa na hali hiyo kwa kawaida haoni dunia ikitikisika, kwa sababu ubongo wake umeizoea tangu utotoni. Tatizo lake liko kwingine. Ile sehemu ya katikati ya retina, inayotuwezesha kuona vitu vidogo kama maandishi, haikukua ipasavyo, na mwanga mkali unaumiza. Ndiyo maana miwani husaidia kiasi lakini haimalizi tatizo, na ndiyo maana mtoto anasogea mbele. Basi ile kamera inayotikisika, kwa maoni yangu, inatuonyesha hofu ya mtu anayewindwa. Macho yake ni jambo jingine. Nilipoielewa hivyo nikaipenda zaidi.

Kasoro ipo. Filamu ni ndefu, karibu saa mbili, na kuna vipande ambavyo usipokuwa makini hujui nani anamkimbiza nani. Na haielezi ualbino unatoka wapi. Sio kazi yake, sawa, ila ni kazi yetu, kwa hiyo ngoja nimalizie hapa.

Ualbino unaoonekana zaidi Afrika kusini mwa Sahara unatokana na mabadiliko kwenye jeni iitwayo OCA2. Mtoto anakuwa nao akirithi nakala mbili zenye mabadiliko, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja haonekani tofauti na mtu mwingine. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400 hivi. Ukiipigia namba hiyo hesabu ya kawaida ya jeni, ukichukulia kwamba watu wanaoana bila kujali nani amebeba nini, unapata kwamba karibu mtu 1 kati ya 19 amebeba nakala moja bila kujua.

Sasa rudi kwenye banda letu la video. Watu 60 wamebanana kwenye mabenchi, wanapiga kelele "toa kichwa". Kwa wastani watatu kati yao wamebeba jeni ileile ya yule wanayemzomea. Huenda mimi ni mmoja wao.

In the Shadow of the Sun (2012)

Hii ni filamu ya ukweli, ya Harry Freeland, iliyochukua miaka kadhaa kupigwa. Inawafuata watu wawili wenye ualbino. Josephat Torner anakwenda kijiji kwa kijiji kuzungumza na watu kuhusu mauaji, wakati mwingine mbele ya watu ambao huenda wanajua zaidi ya wanavyosema. Vedastus ni kijana wa kisiwa cha Ukerewe ambaye shule ilimshinda kwa sababu ya kuonewa. Anachotaka kuliko vyote ni kurudi darasani.

Filamu hii naiweka ya kwanza moyoni mwangu, na sababu ni Vedastus. Magazeti ya wakati ule yalituonyesha ualbino kama habari ya mapanga. Ilikuwa lazima, watu walikuwa wanauawa. Lakini mwenye ualbino hatari haimngojei usiku peke yake. Ipo mchana kweupe, juani. Kansa ya ngozi inaua wengi wao mapema, na kinga yake inajulikana: kofia pana, mikono mirefu, kivuli, mafuta ya kuzuia jua. Mafuta hayo yanatengenezwa hapahapa nchini, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi. Mtoto asiyeona ubao akiacha shule, kazi inayomngoja ni jembe, saa nane juani. Kwa hiyo suala la kukaa dawati la mbele ni suala la ngozi pia. Sikuwahi kuuunganisha mnyororo huo mpaka nilipomwona Vedastus.

Torner naye ana somo kwetu wenye vyeti. Anapofika kijijini haanzi na DNA. Anakaa, anasalimia, anaacha watu waulize, hata maswali ya kijinga: ni kweli hamfi, mnapotea tu? Anajibu. Mtu anayeulizwa kama yeye ni binadamu anajibu kwa utulivu, wakati sisi tukiulizwa kama chanjo ni salama tunakasirika.

Arusi ya Mariamu (1985)

Hii ni ya zamani, fupi, kama dakika 36, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mariamu anaumwa, hospitali haijamsaidia, na sasa ni kwenda kwa mganga. Yeye mwenyewe anawaogopa waganga kwa jambo la utotoni.

Utaniuliza, mtu wa sayansi unasifiaje filamu ambayo mganga ni mtu mwema? Ndiyo hapo. Neno mganga kwenye White Shadow lina damu. Kwenye Arusi ya Mariamu ni mtu anayesikiliza, anayejua mizizi, anayemtibu mgonjwa huku akimtuliza. Na sisi tuliokulia Usukumani tunajua kwamba hao wote wawili wapo, tena wanatumia jina moja. Bibi yangu alikwenda kwa mganga kwa ajili ya mgongo na alikuwa anawalaani wauaji kuliko mtu yeyote pale nyumbani.

Kisayansi nina neno la kuongeza. Mgonjwa mmoja kupona hakuthibitishi dawa. Maradhi mengine yanapungua yenyewe, na kusikilizwa peke yake kunapunguza maumivu. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na kila mmoja alikuwa na ushuhuda wa jirani. Dawa inapimwa kwa watu wengi, kwa kulinganisha. Kazi hiyo Muhimbili wanaifanya kwa mitishamba yetu tangu 1974. Lakini ukianza kwa kumtukana mganga, bibi yangu anakuwekea uji na mazungumzo yameishia hapo.

Gari la sinema

Hili la kuhubiri si jipya. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za kuelimisha, kwa kifupi BEKE. Walitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu afya, kilimo na mengineyo, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Moja ya dhana za wakati ule ilikuwa kwamba Mwafrika haelewi filamu yenye mambo mengi, kwa hiyo apewe polepole: huyu mjinga, huyu mwerevu, fanya kama mwerevu.

Wakoloni waliondoka, lakini mtindo ule ulibaki. Angalia matangazo mengi ya afya ya leo: mjinga, mwerevu, mwisho. Wakati watoto wa banda la video walikuwa wanafuata filamu za Hong Kong zenye wasaliti watatu na mapacha wawili bila shida yoyote.

Lori ndilo tungelihifadhi. Filamu tatu nilizozitaja zilizunguka kwenye matamasha na vyuo, zikaonwa na watu ambao tayari wanakubali. Laiti zingepita Maganzo, Songwa, Kahama, Geita, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo ambako mtu anayetafuta dhahabu kwa miezi sita bila kupata anaanza kusikiliza ushauri wowote.

Kama una projekta na shuka jeupe, unajua la kufanya. Kama wewe ni mwalimu na una mwanafunzi mwenye ualbino, mweke mbele, mbali na mwanga wa dirisha, mwandikie kwa herufi kubwa, mruhusu kofia. Haigharimu kitu.

Na kama siku moja nitamwona yule mwenzetu, nadhani kabla ya kumwomba radhi nitamuuliza kama bado anapenda Jet Li.